Dishi la Pamoja Ghorofani: Uliza Jirani Kabla ya Kumwita Fundi

Masika yakianza, dawati letu la malalamiko hupokea malalamiko mengi kutoka kwa wakazi wa maghorofa ya Dar es Salaam, hasa Upanga, Kariakoo na Kinondoni: picha inakatakata, chaneli zimepotea, king'amuzi kinaandika hakuna mawimbi. Wengi wanafika wakiwa wameshatoa hukumu kwamba kampuni imewakatia makusudi ilhali wamelipa. Lalamiko la namna hiyo, likija bila maelezo ya kutosha, tunalazimika kulirudisha, na mwenye nalo anaondoka akiamini amepuuzwa.

Kwenye jengo lenye dishi la pamoja, swali la kwanza ni nani mwingine hana picha. Gonga mlango wa jirani, kisha panda au shuka ghorofa moja uulize na huko. Ukiwa peke yako, tatizo liko ndani kwako: kifurushi, kadi, king'amuzi au waya unaotoka ukutani. Zikiwa ni nyumba za upande mmoja zilizopangana juu kwa chini, kikaguliwe kigawio, yaani kifaa kinachogawa mawimbi, cha njia hiyo. Likiwa ni jengo zima, shaka ni juu ya dishi, kichwa chake (LNB, kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi), au umeme.

Umeme, ndiyo. Multiswichi, lile boksi linalogawa mawimbi kwa kila nyumba, mara nyingi lina adapta yake, na adapta hiyo huchomekwa kwenye umeme wa ngazi. Kuna jengo, sitalitaja, ambalo lilikaa siku tatu bila picha. Wakazi wakachanga, fundi akabadilisha kichwa cha dishi, hali ikabaki ileile. Tulipopanda tukakuta taa ndogo ya multiswichi imezima. Uniti za LUKU ya ngazi zilikuwa zimekwisha. Taa za ngazini nazo hazikuwa zimewaka siku hizo zote, lakini hakuna aliyeyahusisha mambo hayo mawili.

Kuna na lalamiko la chaneli nusu. Kichwa cha dishi hupokea mawimbi ya wima na ya mlalo, na king'amuzi huchagua kwa kupandisha volti kwenye waya: 13 kwa wima, 18 kwa mlalo. Kwa hiyo splita ya kawaida ya antena haiwezi kugawia nyumba mbili waya mmoja. Mmoja akipandisha 18, mwenzake anayehitaji 13 anapoteza chaneli zake. Hili tunalieleza kila wiki na bado watu hawaamini: chaneli zinazopotea jirani akiwasha televisheni na kurudi akizima, hakuna kampuni iliyozifunga.

Mvua kubwa hudhoofisha mawimbi ya satelaiti, na yakidhoofika sana picha hukatika. Mvua ikipungua, hurudi yenyewe. Tafadhali usipande kugeuza dishi. La sentimita 90 likisogea nyuzi mbili tu, jengo zima linakosa picha. Lakini kama mvua imekatika tangu saa nzima na picha haijarudi, huenda maji yameingia kwenye konekta, kiungio cha mwisho wa waya. Nimefungua moja iliyozungushiwa solotepu: maji yakadondoka kiganjani, na ncha ya shaba ilikuwa imegeuka kijani. Kwa hewa ya chumvi ya jiji letu, solotepu haizuii kitu. Itumike konekta ya nje yenye mpira, na waya uachwe uning'inie kidogo chini ya konekta ili maji yadondokee hapo. Kabla ya kuchomoa waya wowote, zima king'amuzi kwenye soketi.

Sasa kuhusu mafundi. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, kazi ya kufunga na kutengeneza vifaa vya mawasiliano ina leseni yake, inayotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Anayetoa huduma inayohitaji leseni bila kuwa nayo anaweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili. Omba kuona leseni, andika namba yake, dai risiti. Fundi asipande paani bila idhini ya uongozi wa jengo, kwa kuwa dishi la pamoja si mali ya mpangaji mmoja.

Ukishayakagua hayo na tatizo likabaki, anza kwa mtoa huduma wako, si kwetu. Mpe namba ya kadi, tarehe na saa picha ilipokatika, nyumba ngapi zimeathirika, na picha ya skrini inayoonyesha nguvu na ubora wa mawimbi. Vipimo hivyo viwili vinatofautiana: nguvu inaweza kuwa juu na ubora ukawa sifuri, kwa mfano dishi likiwa limeelekea mahali pasipo sahihi. Chukua namba ya lalamiko. Simu uliyopiga bila kupewa namba ni vigumu kuithibitisha baadaye. Usiporidhika na majibu, lipeleke TCRA kwa maandishi, ukiambatanisha namba hiyo na majibu uliyopewa. Kama tatizo ni la jengo zima, iandikwe barua moja na uongozi wa jengo, yenye orodha ya nyumba zilizoathirika. Barua ishirini za nyumba ishirini hufunguliwa majalada ishirini.