Njia za miguu za Watamu: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Wanaoijua Watamu kwa fukwe zake pekee hudhani kwamba mji huu mdogo wa pwani ya Kenya, ulio kusini mwa Malindi, hauna cha kumpa mpenda kutembea kwa miguu. Nyuma ya fukwe hizo, hata hivyo, kuna msitu wa Arabuko-Sokoke wenye kilomita za mraba zipatazo 420, magofu ya mji wa kale wa Gede yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, na hori ya Mida, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, iliyozungukwa na mikoko.

Dhana ninayoihofia zaidi ni ile ya kwamba, kwa kuwa nchi ni tambarare, kila njia ni rahisi kwa kila mtu. Ugumu wa huku hautokani na mwinuko, bali na mchanga, mizizi na jua. Katika sehemu ya msitu yenye miti iitwayo mirihi, mchanga ni mweupe na laini, nao humeza mkongojo na gurudumu. Daraja la Mida limetundikwa kwa kamba kati ya mikoko, na kila hatua huufanya ubao unese, hivyo halimfai mwenye kiti cha magurudumu wala asiye na mizani nzuri ya mwili. Kwa mzee, mtoto au mwenye goti bovu, pa kuanzia ni Gede, ambako mwendo ni mfupi na miti mikubwa hutoa kivuli. Hata huko mizizi na mawe hukatiza njia, kwa hiyo anayesukumwa kwa kiti anahitaji msaidizi mwenye nguvu.

Wengine huamini kwamba Mida na ufukweni hutembelewa saa yoyote. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na nyakati hizo husogea kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa uliyoambiwa wiki iliyopita haikufai leo. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, mtu aliyezunguka rasi ya matumbawe maji yakiwa yamekupwa anaweza kukuta njia ya kurudi imefunikwa. Ajabu ni kwamba maji hayohayo yanapoanza kujaa Mida, ndege waliotawanyika kwenye tope husukumwa karibu na watazamaji, na huo ndio wakati bora wa kukaa kwenye kibanda kilicho mwisho wa daraja. Ada ya daraja hilo husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji jirani.

Kuhusu tembo, wapo kweli msituni, lakini hilo si sababu ya kuuepuka. Ni sababu ya kuongozana na mwenyeji aliyefunzwa kazi hiyo. Ndiye atakayekuonyesha pia sange mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, mnyama mdogo anayefukua majani makavu kwa pua yake ndefu asubuhi, kabla jua halijawa kali.