Je, wajua kwa nini mkandarasi wa Uingereza hukataa kadi ya kujitambulisha yenye nembo ya mteja wake?

Kaa kwenye kikao cha ofisi kubwa jijini London, watu wanapojitambulisha mmoja mmoja. "Niko idara ya fedha." "Mimi ni meneja wa mauzo." Zamu inamfikia jamaa ambaye amekalia kiti hicho miezi minane na anaujua mfumo wa kompyuta wa hapo kuliko wenyeji. Yeye anasema: "Nina kampuni yangu. Naisaidia benki hii kuhamisha mfumo wa malipo." Hasemi "sisi", wala "benki yetu". Kadi za kujitambulisha zenye nembo ya benki walimchapishia, akazirudisha kwa adabu.

Hayo si maringo. Analinda hadhi yake mbele ya mtoza kodi.

Jamaa huyu ni mkandarasi huru: amejiajiri, anauza utaalamu wake kwa mkataba, mara nyingi kupitia kampuni ndogo ambayo mwenye hisa, mkurugenzi na kibarua wake ni mtu mmoja. Mteja analipa kampuni, kampuni inalipa kodi ya faida, naye anajilipa mshahara mdogo na kinachobaki anakichukua kama gawio. Gawio halikatwi michango ya Bima ya Taifa, ile ya hifadhi ya jamii inayokatwa kwenye mishahara. Mteja pia anapona, kwa kuwa mwajiri hutoa mchango wake juu ya mshahara wa mwajiriwa, na tangu Aprili 2025 mchango huo ni asilimia 15 ya kiasi kinachozidi kiwango kilichowekwa.

Serikali iliushtukia mchezo zamani. Machi 1999, wakati wa bajeti, Idara ya Mapato ilitoa taarifa kwa vyombo vya habari iliyobeba namba 35, na ndiyo maana kanuni zilizoanza Aprili 2000 zinaitwa IR35 hadi leo. Waliokuwa wakiwindwa ni watu wa Ijumaa na Jumatatu: Ijumaa anaaga kama mwajiriwa, Jumatatu anarudi kwenye meza ileile kama "mshauri" mwenye kampuni. Kanuni inauliza hivi: tukiiondoa kampuni hiyo ya katikati, je, hawa wawili wangekuwa mwajiri na mwajiriwa? Wakiwa hivyo, mkandarasi yuko "ndani" na anakatwa kodi kama mwajiriwa, ingawa kwa mteja hapati likizo ya kulipwa wala malipo ya ugonjwa. Kila mtu anataka kuwa "nje".

Mahakama hupima nini? Kesi mama ni ya mwaka 1968, ya kampuni ya zege iitwayo Ready Mixed Concrete, na kwa maoni yangu ndiyo yenye utamu kuliko zote. Dereva wa lori la zege alitakiwa kulipaka lori rangi za kampuni, kuvaa sare ya kampuni na kutii maelekezo yake. Ukimwona barabarani usingesita kusema huyo ni mwajiriwa. Lakini lori alikuwa akilinunua yeye kwa malipo ya awamu, matengenezo na mafuta vilikuwa juu yake, na aliruhusiwa kuweka dereva mwingine badala yake. Jaji MacKenna akaamua kwamba yule alikuwa anaendesha biashara yake mwenyewe.

Kutoka hapo yakabaki maswali matatu ambayo wakandarasi wanayajua kama sala: Je, ni lazima uifanye kazi wewe binafsi, au unaweza kutuma mtu mwingine? Nani anaamua ifanyike vipi? Na je, mteja analazimika kukupa kazi, nawe kuipokea?

Sasa, kama sare na rangi za lori hazikumponza yule dereva, kwa nini kikadi kimtie mtu wasiwasi? Kwa sababu hakuna kipimo kimoja kinachomaliza shauri. Katika kesi ya Lorimer, fundi wa kuchanganya picha za televisheni aliyeshinda mwaka 1993, Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba jaji hapaswi kupita na orodha akiweka alama za tiki. Anachora picha kwa vitu vidogovidogo, kisha anarudi nyuma kidogo kuitazama yote. Lorimer alitumia mitambo ya wateja, katika studio za wateja, kwa saa walizopanga wao. Kilichombeba ni kwamba alikuwa na wateja zaidi ya 20, akiwafanyia kazi siku moja hapa, siku mbili pale. Kadi, basi, ni doa moja tu la rangi. Mkandarasi mwenye wateja wengi linamezwa. Mwenye mteja mmoja kwa miaka mitatu, linaonekana.

Ndiyo maana wazoefu hujenga picha yao kila siku. Barua pepe inatiwa saini kwa jina la kampuni yao, na wakipewa anwani ya mteja huomba iwekewe alama kwamba mtumaji ni wa nje. Kwenye LinkedIn wanaandika kampuni yao, mteja anatajwa ndani ya maelezo ya mradi. Hawaombi ruhusa ya likizo, wanataarifu kwamba wiki fulani hawatakuwepo. Hawakubali kuingizwa kwenye mchoro wa uongozi, wala kufanyiwa tathmini ya mwaka. Wapo wanaokwepa hata sherehe ya Krismasi ya mteja, na hapo naona wamezidisha. Sijui jaji atakayemhukumu mtu kwa kipande cha keki.

Lugha nzuri isiyo na kitu nyuma yake haisaidii. Mwaka 2008, kampuni ya mtu mmoja iitwayo Dragonfly ilishindwa mahakamani ingawa mkataba wake uligusia haki ya kutuma mbadala. Watu wa upande wa mteja, shirika la kusaidia wenye magari liitwalo AA, walipoulizwa, ikaonekana wasingempokea mtu mwingine hivihivi. Unaweza kujiita mshauri wa nje kutwa nzima, kumbe meneja wa mteja akihojiwa anasema, "Huyo? Ni kijana wangu." Neno lake lina uzito kuliko saini yako ya barua pepe, kwa hiyo mkandarasi mwerevu anahakikisha huyo meneja naye anajua wameandikiana nini.

Kuna pia waliojikuta upande usiotarajiwa. Fundi bomba wa kampuni ya Pimlico Plumbers ya London alivaa sare yenye nembo, akabeba kitambulisho cha kampuni na kuendesha gari lake la kukodi lenye jina hilo ubavuni. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilitaja mambo hayo ilipoamua kwamba ana haki za "mtenda kazi", kundi la kati linalopata likizo ya kulipwa. Kumbe kwa kodi alikuwa anajihesabu kama aliyejiajiri, na uamuzi ule haukuwa wa kodi: sheria ya kodi haina kundi hilo la kati. Mtu mmoja, kofia mbili, zote halali.

Kwa mtangazaji Lorraine Kelly, kujionyesha kwenyewe ndiko kulikomwokoa. Alidaiwa takriban pauni milioni 1.2 kwa kazi yake katika televisheni ya ITV. Mwaka 2019 baraza la kodi likaona kwamba yule anayeonekana kwenye skrini ni mhusika aliyejengwa, nembo ya biashara inayouzwa kwa jina la Lorraine Kelly, na mwenye biashara ni yeye mwenyewe. Watu walicheka sana, eti anaigiza kuwa yeye. Kisheria hoja ilisimama.

Tangu Aprili 2021 mambo yamehamia mikononi mwa wateja. Kampuni kubwa na za kati ndizo zinazoamua kama mkandarasi yuko ndani au nje (taasisi za umma zilianza 2017), na zikikosea bila uangalifu, deni la kodi linaweza kuzirudia. Kwa mteja mdogo, mkandarasi bado anajiamulia. Matokeo yake, siku hizi ofisi nyingi ndizo zinazomvisha mkandarasi kamba ya kitambulisho ya rangi tofauti, hata kabla hajaiomba.