Paneli ya sola inahitaji mwanga, si joto

Imani kwamba jua likichoma zaidi ndipo paneli ya sola hutoa umeme mwingi zaidi imedumu miaka mingi, na inawafanya watu wafunge paneli vibaya. Kinachozalisha umeme ni mwanga. Mwanga ukigonga seli za silikoni, yaani vipande vya paneli vinavyozalisha umeme, husukuma elektroni na mkondo huanza kupita. Joto halisaidii kitu hapo, hushusha volti.

Watengenezaji hupima paneli seli zikiwa na nyuzijoto 25 za Selsiasi. Kila nyuzi moja inayozidi hapo hupunguza nguvu kwa takriban asilimia 0.3 hadi 0.5, na kiwango chenyewe huandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya paneli. Chukua paneli ya wati 300 yenye punguzo la asilimia 0.4 kwa kila nyuzi. Adhuhuri seli zikifika nyuzi 65, zimezidi kwa 40, basi asilimia 16 imepotea: zinabaki wati 252. Ndiyo maana siku ya baridi yenye anga safi paneli ileile hufanya kazi vizuri zaidi.

Kosa linaloumiza zaidi ni kulaza paneli moja kwa moja juu ya bati. Hewa haipiti nyuma, joto linanasa. Inyanyue kwa fremu, sentimita 10 hadi 15, na usizibe pembeni. Kuimwagia maji baridi mchana ikiwa ya moto ni hatari, kioo kinaweza kupasuka, ioshe alfajiri. Mawingu nayo hupunguza umeme bila kuukata, kwa kuwa mwanga uliotawanyika bado hufika kwenye seli.