Mwalimu akae kwanza kwenye dawati la mwanafunzi

Ninapofungua semina ya walimu wa sekondari wanaofundisha somo la kompyuta hapa Mwanza, projekta huwa imezimwa na kompyuta zote zimefunikwa. Ninaandika ubaoni kwa chaki mistari minne ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta: a = 5, chini yake b = a, kisha a = 9, na mwisho print(b). Halafu ninamwomba kila mwalimu aandike kwenye kipande cha karatasi, bila kuchungulia kwa jirani, namba ambayo anaamini itatokea kwenye skrini. Kwa kawaida ukumbi hugawanyika: wapo wanaoandika 5, wapo wanaoandika 9, na hukosi mmoja au wawili wanaodai kwamba programu itagoma. Bila kutoa jibu, ninawapa dakika tatu ili kila mmoja amtafute mwenzake mwenye jibu tofauti na lake, wabishane kwa hoja, kisha tunapiga kura upya.

Katika semina mojawapo, mwalimu kutoka Ukerewe ambaye anafundisha pia hisabati aliitetea 9 kwa nguvu zake zote. "Mwenyewe umesema b ni sawa na a," alimwambia mwenzake, "na sasa a imekuwa 9, b itabakije 5?" Hoja yake ilikuwa na mantiki, na ndiyo hiyo hiyo wanayokuja nayo wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili. Katika hisabati, alama ya usawa hueleza ukweli unaodumu tangu mwanzo wa swali hadi mwisho wake, ilhali katika Python alama hiyo ni amri inayotekelezwa mara moja na kupita: chukua thamani iliyopo upande wa kulia kwa wakati huu, uihusishe na jina lililo upande wa kushoto. Mwenzake, mwalimu wa kike kutoka Magu, hakurudia maelezo hayo kwa maneno. Alichukua vipande viwili vya karatasi, akaandika herufi a juu ya kimoja na b juu ya kingine, akaweka 5 kwenye cha kwanza, akainakili kwenye cha pili, kisha akafuta 5 ya kwanza na kuandika 9. Alisogeza karatasi ya b mbele ya mwenzake na kumwuliza, "Mwalimu, hii nani ameigusa?" Kura ya pili ilipopigwa, karibu ukumbi wote ulikuwa kwenye 5, na mimi nilikuwa bado sijafafanua neno lolote.

Njia hii ya kutabiri, kupiga kura, kujadiliana na kupiga kura tena niliichukua kwa walimu wa fizikia. Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard aliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya kubaini kwamba wanafunzi wake walikuwa wakikokotoa majibu sahihi huku dhana zenyewe hawajazielewa. Nguvu yake iko katika utabiri. Mtu akishaweka jibu lake kwenye karatasi, hamu ya kujua kama amepata humfanya afuatilie kila kinachosemwa, na hata akikosa, anajua hasa ni wazo gani alilonalo kichwani linalohitaji kurekebishwa.

Sikuanzia hapa. Semina zangu za awali zilikuwa siku mbili za slaidi kuhusu ufundishaji shirikishi, nami nilizungumza tangu asubuhi hadi chai ya jioni. Wiki chache baadaye niliwatembelea wawili kati ya walimu hao na kukuta madarasa yakinakili kutoka ubaoni fasili ya kompyuta na orodha ya sehemu zake. Iliniuma, lakini haikunichukua muda kuelewa kwamba walikuwa wamejifunza kwangu barabara: niliwahutubia, nao wakaenda kuhutubia. Tangu hapo nashikilia jambo moja, kwamba mwalimu hawezi kumpa mwanafunzi hamu ambayo yeye mwenyewe hajaionja akiwa kwenye dawati, akiwa hajui jibu na anataka kulijua.

Upungufu wa mashine ndio malalamiko ya kwanza ninayosikia, na ni ya haki, kwani darasa la wanafunzi 60 lenye kompyuta nane, na umeme unaoweza kukatika katikati ya kipindi, ni mzigo mzito. Hata hivyo sehemu kubwa ya sayansi ya kompyuta haihitaji mashine. Wanasayansi wa kompyuta Tim Bell, Ian Witten na Mike Fellows walikusanya tangu miaka ya 1990, kazi yao ikiwa na makao nchini Nyuzilandi, mazoezi ya kufundisha dhana hizo kwa kadi, kamba na chaki. Mimi hutumia kadi 63 za manila zilizoandikwa uzito wa sangara, kama unavyosomwa kwenye mizani pale mwaloni Kirumba, zikiwa zimepangwa kuanzia mdogo hadi mkubwa na kulazwa kifudifudi. Mwalimu mmoja anatafuta uzito fulani kwa kufunua kadi moja baada ya nyingine kuanzia pembeni, na huenda akafunua zote 63. Mwingine anafunua ya katikati, anaangalia kama uzito anaoutafuta uko juu au chini, anaiacha nusu isiyohusika, na kuendelea hivyo. Huyu hatazidisha kadi sita. Ninapouliza ingekuwaje kama kadi zingekuwa 1,000, wengi hukisia mia moja au zaidi, na tukihesabu pamoja tunakuta hazizidi kumi. Baada ya hapo ninazichanganya kadi na kuomba zoezi lirudiwe, nao wanagundua wenyewe kwamba njia ya pili haifanyi kazi pasipo mpangilio. Hapa huwa nasisitiza: zoezi likiishia kwenye kicheko, bila darasa kurudi ubaoni kuandika hatua za algorithimu, yaani utaratibu wa kutatua tatizo hatua kwa hatua, kipindi kimepotea.

Kwa kuandika programu, ninawapa mistari ya programu sahihi iliyokatwa vipande na kuchanganywa, waipange. Dale Parsons na Patricia Haden walieleza mbinu hii mwaka 2006, nayo inamfaa sana mwanafunzi ambaye bado anashindwa na nukta, mabano na tahajia.

Kwenye kompyuta yenyewe wanafunzi hukaa wawili wawili, dereva na utingo: dereva anashika kibodi na utingo anasoma njia na kutaja makosa, na kila baada ya dakika kumi wanabadilishana bila kujadiliana. Saa ndiyo inayoamua. Pasipo saa, nimeona mara nyingi mno wavulana wakimiliki kipanya kipindi kizima huku wasichana wakiandika ripoti pembeni, na mwalimu akidhani wote wamefanya kazi.

Kuhusu lugha, ninawashauri walimu wawaruhusu wanafunzi wajadiliane kwa Kiswahili wakiwa wawili wawili, kisha watoe jibu kwa Kiingereza ambacho mtihani utakidai. Mwanafunzi anayetafuta wazo na neno la kigeni kwa wakati mmoja huishia kunyamaza. Kimya chenyewe nacho kina kazi yake. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alionyesha kwamba walimu wengi husubiri takribani sekunde moja baada ya kuuliza swali, na kwamba wakisubiri tatu au zaidi majibu huwa marefu na watoaji wake huongezeka. Sekunde tatu mbele ya darasa ni ndefu ajabu, kwa hiyo tunazifanyia mazoezi: kila mwalimu anafundisha wenzake dakika kumi, na mmoja nyuma ya ukumbi anashika saa na kuandika muda wa kila kimya.

Mwezi mmoja baada ya semina huwa navuka kwenda upande wa Sengerema kuwatembelea. Safari iliyopita nilikaa dawati la mwisho nikiwa na daftari, na mwalimu akaandika mistari ile minne ubaoni, akauliza, akashusha chaki. Nilihesabu hadi sekunde ya saba ndipo binti wa dirishani aliponyoosha mkono, akasema 9, na mwalimu, badala ya kumsahihisha, akauliza darasa ni nani aliyeandika namba nyingine.