Ozoni ya Kigoma ipimwe ufukweni

Nikizungumzia upimaji wa hewa Kigoma, wengi hunielekeza mtaa wa Mwanga: kapime pale, pikipiki zimejaa. Kwa moshi na vumbi wako sahihi. Kwa ozoni, gesi inayoumiza mapafu, pale huenda ndipo mashine ingesoma namba ndogo kuliko kwingine kote mjini.

Ozoni ya hewa tunayovuta haitoki kwenye bomba lolote, huzaliwa hewani. Injini na moto hutoa oksidi za nitrojeni, yaani monoksidi na dioksidi yake. Petroli inayovukiza, kuni zinazoungua vibaya, hata miti yenyewe, hutoa mvuke wa hidrokaboni, yaani kemikali za kaboni na hidrojeni. Jua likiwaka, dioksidi ya nitrojeni huvunjika, atomu ya oksijeni iliyoachwa hushikana na oksijeni ya kawaida, tayari ni ozoni. Mvuke wa hidrokaboni ndio unaoifanya izidi kulimbikizana. Lakini monoksidi ya nitrojeni inayotoka mbichi kwenye ekzosi huila ozoni papo hapo, kwa hiyo kando ya barabara hupungua, na huongezeka mbali zaidi, kule upepo unakoelekea.

Na upepo wa Kigoma una ratiba yake. Usiku nchi kavu hupoa kuliko ziwa, hewa hushuka kutoka vilimani kwenda majini ikiwa na moshi wa majiko ya jioni. Huko hukutana na moshi wa injini za maboti, zile za kuchanganya petroli na oili, ambazo hutema sehemu ya petroli bila kuiunguza. Alfajiri, dagaa wakishushwa Kibirizi, hewa hiyo bado iko juu ya ziwa. Maji hayaiondoi ozoni kwa kasi kama majani na udongo, basi jua huipika asubuhi nzima. Mchana upepo hugeuka na kuirudisha mjini. Jambo hili linajulikana vizuri kwenye mwambao wa Ziwa Michigan, Marekani: kituo cha ufukweni karibu na Sheboygan, mji mdogo tu, kimekuwa kikisoma ozoni nyingi kwa sababu ya hewa inayoletwa na upepo wa ziwani kutoka miji mikubwa ya kusini. Kwetu kiangazi huongeza moshi wa moto wa miombo, unaosafiri mbali kuliko tunavyodhani.

Kwa hiyo kupima ozoni peke yake hakutoshi, lazima upime na wazazi wake. Mashine ya ozoni huvuta hewa na kuipitishia mwanga wa urujuanimno wa nanomita 254, kisha hulinganisha na hewa ileile iliyoondolewa ozoni. Kiasi cha mwanga kilichopotea ndilo jibu. Mashine ya oksidi za nitrojeni hufanya kinyume: huchanganya hewa na ozoni yake yenyewe ndani ya chumba chenye giza, na monoksidi ikiungana nayo hutoa mwanga hafifu unaohesabiwa. Hidrokaboni hukusanywa kwenye mitungi ya chuma na kupelekwa maabara. Bomba la kuvutia hewa liwe la Tefloni. Ukiweka la mpira, ozoni itaishia ukutani mwa bomba kabla ya kufika kwenye mashine, na kichujio kikijaa vumbi la kiangazi huila vilevile. Nasisitiza hili kwa sababu mashine ya mamilioni inaweza kudanganya kwa ajili ya bomba la bei rahisi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza ozoni isizidi mikrogramu 100 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 8. Ikizidi, wenye pumu huwa wa kwanza kuumia.

Fedha zikitosha kituo kimoja, ningekiweka ufukweni upande wa Bangwe, bomba likitazama ziwa, na kipima upepo juu yake, kwa sababu bila mwelekeo wa upepo huwezi kujua ozoni imetoka wapi. Cha pili kingepanda vilimani, kwenye mashamba ya maharage. Maharage huathirika haraka na ozoni: majani hutoka vidoa vya rangi ya shaba upande wa juu, mkulima akadhani ni ugonjwa na kununua dawa isiyoweza kusaidia.