Nakala pacha haitoshi: dhana potofu kuhusu urudufishaji na urejeshaji wa data

Kwenye vikao vya bajeti ya TEHAMA swali huwa moja: "Data zetu zina kopi?" Jibu likiwa ndiyo, mjadala unafungwa na fedha zinapelekwa kwingine. Linalopaswa kuulizwa ni hili: tukipoteza data sasa hivi, tutazirudisha zikiwa kama zilivyokuwa saa ngapi, na kazi hiyo itachukua muda gani? Kwenye nyaraka viwango hivyo viwili huandikwa RPO (data zirudi za saa ngapi) na RTO (kurejesha kuchukue muda gani), na dhana nyingi potofu huota pale ambapo hakuna aliyekaa kuvipanga.

Dhana: Data zinaandikwa vituo viwili kwa wakati mmoja, kwa hiyo bakapu (nakala ya akiba ya kurejeshea data) tunayo.

Nakala pacha ni bendera hufuata upepo. Kinachoandikwa kituo kikuu kinaandikwa na cha pili, na kinachofutwa huku kinafutwa na kule, mara nyingi kabla aliyekosea hajainua kidole kwenye kibodi. Mtambo hauna namna ya kujua kwamba amri fulani imetolewa kwa bahati mbaya. Urudufishaji huu wa papo kwa papo hukukinga na seva kufa, umeme kukatika au jengo kuungua. Kwa kosa la mtu, hitilafu ya programu au kirusi, hausaidii kitu.

Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha NotPetya kiliingia kwenye mtandao wa kampuni ya meli ya Maersk. Seva zake zinazotunza akaunti na ruhusa za watumiaji, zipatazo 150, zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, kila moja ikitegemewa kuwa bakapu ya wenzake. Zikafutika zote isipokuwa moja, iliyokuwa Ghana: umeme ulikatika huko kabla ya shambulio, mashine ikawa nje ya mtandao. Intaneti ya ofisi hiyo ilikuwa ndogo mno kurusha data hadi Uingereza, na wafanyakazi wa pale hawakuwa na viza ya Uingereza. Mmoja wao akapanda ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski mkononi aipeleke Uingereza.

Kampuni kubwa kiasi hicho iliokolewa na umeme kukatika. Msitegemee bahati ya namna hiyo. Bakapu inayostahili jina hilo hukaa mahali ambapo hata akaunti ya msimamizi wa mtambo mkuu haina ruhusa ya kufuta: kwenye tepu iliyochomolewa na kuwekwa kabatini, au kwenye hifadhi iliyofungwa isibadilishwe mpaka muda uliopangwa uishe.

Dhana: Snapushoti (picha ya data jinsi zilivyokuwa wakati fulani) za kila saa zinatosha.

Zinafaa sana kurudisha faili lililofutwa asubuhi. Lakini kwa kawaida snapushoti hutegemea diski zilezile za data halisi; mtambo ukiungua, zinaondoka pamoja.

Dhana: Data zetu ni kubwa mno, haziwezi kubakapiwa.

Septemba 2025 moto ulizuka kwenye kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini, mjini Daejeon. Mfumo wa G-Drive, ambamo watumishi wa umma walihifadhi faili zao za kazi, uliteketea na terabaiti 858. Haukuwa na bakapu nje ya jengo, na sababu iliyotolewa ni hiyohiyo ya ukubwa.

Dhana: Kituo cha pili kiwe mbali kabisa, na kisipoteze hata muamala mmoja.

Hapa fizikia inakataa. Mwanga ndani ya mkongo hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Dar es Salaam hadi Dodoma kwa barabara ni takribani kilomita 450, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 4.5, vifaa vya njiani havijahesabiwa. Kwenye urudufishaji wa kusubiriana, kila andiko hungoja kituo cha pili kijibu kwamba kimepokea. Kazi inayoandika hatua moja baada ya nyingine haitavuka maandiko 220 hivi kwa sekunde kwa umbali huo, hata ukinunua diski za bei gani.

Ndiyo maana vituo vya mbali hurudufishwa kwa kuchelewa kidogo, na lazima wenye biashara waseme mapema wako radhi kupoteza dakika ngapi. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu, intaneti ya Afrika Mashariki ilidorora. Kwa mwenye nakala ng'ambo, siku kama hiyo foleni ya data zinazosubiri kuvuka hurefuka saa hadi saa.

Hatari inayosahaulika zaidi huja laini inaporudi. Mitambo mingi hutuma vipande vilivyobadilika bila kufuata mpangilio wa kuandikwa kwake, kwa hiyo mpaka usawazishaji ukamilike, kanzidata ya upande wa pili inaweza isifunguke kabisa. Kituo kikuu kikianguka katikati ya zoezi hilo, huna kitu pande zote mbili. Piga snapushoti upande wa pili kwanza, ndipo uruhusu usawazishaji uanze. Na faili za kanzidata ziwe kundi moja la urudufishaji na kumbukumbu za miamala yake, zisije zikafika kule za saa mbili tofauti.

Dhana: Bakapu imewekwa ijiendeshe kila usiku, tumemaliza.

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa programu za wateja, alifuta kanzidata kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Kati ya gigabaiti 300 hivi, zilisalia 4.5. Walipokimbilia bakapu za kila siku, hazikuwepo: programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo la zamani kuliko kanzidata, ikawa inafeli, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Walirejea kwenye snapushoti iliyopigwa kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa kazi nyingine kabisa.

Kwa hiyo jaribu kurejesha, na si faili moja. Rejesha mfumo mzima kwenye mashine tupu, watumiaji waingie, wahasibu walinganishe jumla zao. Shika na saa mkononi: terabaiti 100 kwenye laini ya gigabiti 10 kwa sekunde, hata ikijaa bila kupungua, ni kama saa 22, na hapo hata programu moja haijawashwa.