Dozi Moja ya Kotikosteroidi kwa Koo Linalouma: Faida Yake na Mipaka Yake

Mtu mzima aliyeamka akishindwa kumeza hata mate huwa na ombi moja tu kwa daktari, nalo ni kuondolewa maumivu upesi. Katika mazungumzo hayo ndipo kotikosteroidi, yaani dawa za kupunguza uvimbe, hutajwa, wakati mwingine na daktari, wakati mwingine na mgonjwa mwenyewe aliyesikia kwamba zipo dawa za kutuliza koo kwa siku moja.

Maumivu ya koo kwa mtu mzima husababishwa zaidi na virusi, na hata yanapoletwa na bakteria aina ya streptokoka, kwa kawaida hupungua yenyewe katika muda wa wiki moja hivi. Sehemu kubwa ya mateso hutokana na jinsi mwili unavyopambana na vimelea: mishipa ya damu ya koo hutanuka, tishu huvimba, na neva huanza kuhisi uchungu kwa jambo dogo kama funda la maji. Kotikosteroidi, ambazo zimeundwa kwa mfano wa homoni ya kotisoli itolewayo na tezi zilizo juu ya figo, hupunguza kemikali zinazochochea uvimbe huo. Haziui virusi wala bakteria. (Wala si zile steroidi za kukuza misuli, ingawa jina limewachanganya wengi.)

Dawa iliyochunguzwa zaidi ni deksamethasoni, kwa kidonge au sindano, na kwa mtu mzima dozi ya kawaida ni miligramu 10 mara moja tu. Mwaka 2017 uchambuzi wa majaribio 10 yaliyohusisha wagonjwa 1,426 ulionyesha kwamba waliopewa kotikosteroidi walianza kupata nafuu takriban saa 5 mapema kuliko wenzao, na maumivu yao yakaisha kabisa saa 11 hivi mapema.

Hata hivyo, majaribio mengi ya awali yalifanyika kwa wagonjwa wa idara za dharura, ambao koo zao zilikuwa na hali mbaya na ambao wengi wao walipewa antibiotiki papo hapo, kwa hiyo haikuwa rahisi kujua kama faida hiyo ingeonekana kwa mgonjwa wa kawaida wa zahanati. Jaribio lililofanyika Uingereza, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka huohuo wa 2017, lilijibu swali hilo kwa kuwachukua watu wazima ambao hawakuhitaji antibiotiki ya haraka. Baada ya saa 24 hapakuwa na tofauti ya kutegemewa kati ya waliomeza deksamethasoni na waliomeza kidonge kisicho na dawa. Baada ya saa 48, takriban 35 katika kila 100 wa kundi la kwanza walikuwa wamepona kabisa maumivu, ikilinganishwa na 27 katika kundi la pili. Kwa maneno mengine, watu wapatao 12 humeza dawa ili mmoja zaidi awe amepona siku ya pili. Kwa maoni yangu, faida hiyo ipo lakini ni ndogo, na inamstahili zaidi mtu mwenye maumivu makali ambaye parasetamoli au ibuprofeni haikumsaidia.

Dozi moja haikuonyesha madhara makubwa katika majaribio hayo, lakini inaweza kupandisha sukari ya mgonjwa wa kisukari au kumnyima mtu usingizi usiku huo. Hatari kubwa zaidi ni mazoea: anayerudia dozi kila koo linapouma hujikusanyia madhara ambayo majaribio ya dozi moja hayakuyapima, yakiwemo kudhoofika kwa mifupa na kinga ya mwili. Wenye kinga iliyoshuka, na wanaoumwa koo baada ya upasuaji au kuwekewa mpira wa kupumulia, hawahusiki na matokeo niliyoyaeleza.

Aidha, zipo koo ambazo hazifai kutulizwa kabla hazijachunguzwa. Mgonjwa anayepumua kwa shida au kwa sauti ya kukoroma, anayetokwa na udende kwa kushindwa kumeza, asiyeweza kufungua kinywa vizuri, au aliyevimba upande mmoja wa koo, huenda ana jipu au uvimbe unaoziba njia ya hewa. Huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo.